UZI: Tangi la mafuta likishafungwa, nani anaangalia maji ya chini?

1/ Msimu wa kampeni hapa Lamu, ukiuliza habari ya maji, wa kaunti atakwambia "hiyo ni kazi ya serikali kuu." Wa serikali kuu akija: "ulizeni kaunti." Nasoma sayansi ya siasa, kwa hivyo hebu tulipime jibu hilo kwa jambo moja lisilotajwa jukwaani: matangi ya mafuta yaliyozikwa ardhini, kisha yakaacha kutumika.

2/ Kwanza, maji yetu. Mji wa Lamu wategemea visima vya Shela, kwenye matuta ya mchanga. Ni maji ya mvua yaliyochujika, yakakaa juu ya maji ya chumvi. Hatuna mto wa kukimbilia. Na mchanga unaopitisha mvua upesi, mafuta nayo huyapitisha.

3/ Tangi la chuma likila kutu, huvuja kidogo kidogo. Petroli huelea juu ya maji ya chini, lakini kemikali yake moja, benzini, huyeyuka na kusafiri nayo. Benzini husababisha saratani ya damu. Kikomo cha WHO ni mikrogramu 10 kwa lita. Kiasi hicho hukioni, hukinusi, wala hukionji. Lazima kipimwe maabara.

4/ Kupima ni hivi: vinachimbwa visima vidogo vya uchunguzi kuzunguka tangi, sampuli zinachukuliwa kila baada ya muda, matokeo yanalinganishwa kwa miaka. Kufunga kituo hakumalizi kazi, maana mafuta yaliyokwisha ingia mchangani hayaondoki na pampu. Marekani ilitunga sheria ya matangi haya 1984. Tangu hapo, uvujaji uliothibitishwa umepita 500,000.

5/ Sasa, kazi ya nani? EPRA hutoa leseni za biashara ya mafuta. NEMA husimamia uchafuzi. WRA husimamia maji ya chini. Kaunti hutoa huduma ya maji. Kwa hivyo wale wawili jukwaani kila mmoja amesema nusu tu.

6/ Thange, Makueni, 2015: bomba la Kenya Pipeline lilivuja, mafuta yakaingia kwenye maji ya wananchi. Hukumu ya fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 3 ilikuja Julai 2025. Miaka 10! Na kule mafuta yalionekana kwa macho. Yasiyoonekana utayathibitishaje mahakamani, kama hakuna vipimo vya kabla?

7/ Sisemi visima vya Lamu vimechafuka. Nasema anayesema "ni salama" atuoneshe karatasi. Ibara ya 35 ya Katiba yakupa haki ya habari, na sheria ya 2016 yaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Andika barua: "Naomba orodha ya matangi ya zamani ya mafuta, na matokeo ya mwisho ya vipimo vya maji." Mgombea akija barazani, muulize swali hilohilo. Usikubali "tutaangalia." Muulize lini.