Presha ya mapafu: kutembea pole pole kunasaidia

Tunapotembelea familia zilizohama, tunasikia mara nyingi: «Huyu ni mvivu, anakimbia salongo.» Wengine hutaja hata uchawi, na majirani wanaacha kusalimiana. Kumbe anayelaumiwa anaweza kuwa mgonjwa.

Ni ugonjwa gani?

Mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni hadi kwenye mapafu inakuwa myembamba na migumu. Upande wa kulia wa moyo unasukuma kwa nguvu nyingi mpaka unachoka. Presha hii haionekani kwa kipimo cha mkononi. Dalili zake ni kukosa pumzi, uchovu, kizunguzungu, kuzimia na miguu kuvimba. Inaweza kuletwa na magonjwa ya moyo au ya mapafu, VVU, sikoseli au kichocho.

Je, mgonjwa afanye mazoezi?

Zamani madaktari waliyakataza. Mwaka 2006 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walitangaza matokeo ya wagonjwa 30 waliokuwa wakitumia dawa. Waliofanya mazoezi chini ya uangalizi kwa wiki 15 walitembea mbali zaidi katika dakika 6 kuliko wenzao. Mwaka 2022 mwongozo wa madaktari wa Ulaya ulipendekeza mazoezi yanayosimamiwa kwa wagonjwa ambao hali yao imetulia kwa dawa.

Namna ya kufanya

- Kwanza daktari akubali. Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa.
- Atembee njia tambarare dakika chache, apumzike, kisha aongeze kidogo kidogo siku kwa siku.
- Anapotembea aweze kuongea. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze mwendo.
- Asiende peke yake. Asibebe bidoni ya lita 20 wala kupanda kilima kwa haraka.
- Akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kwenda mbio, asimame mara moja. Akizimia, apelekwe hospitali.

Kazi ya viongozi

Tunawaomba viongozi wampe mgonjwa kazi nyepesi, kama kuandika majina, na mahali pa kukaa siku ya mgao. Vijana wa jirani wamchotee maji. Mambo haya hayagharimu pesa, lakini yanazuia ugomvi mwingi.

Kabla ya kumtoza mtu faini ya salongo, tumuulize kwanza: «Ndugu, unapumua vizuri?»