Mgeni Kanisani Apewe Jembe, Si Makofi Tu

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii aghalabu hutumiwa kumwonya mgeni mvivu. Mimi naifasiri kwa njia nyingine. Anayepewa jembe amekwisha kuonyeshwa shamba, naye atakuwa na fungu lake katika mavuno. Jembe, basi, ni alama ya uenyeji.

Tutazame desturi za makanisa yetu. Jumapili wageni huombwa wasimame, wataje majina, wapigiwe makofi na kuambiwa "karibuni". Kisha huketi, na papo hapo ibada huendelea kwa lugha wasiyoijua. Sisemi kwamba hawajui Kiswahili. Nasema kwamba kila jamii hujijengea sajili yake, na sajili ni ua: huwahifadhi walio ndani na kuwazuia walio nje.

Chukua neno "kuokoka". Katika Kiswahili cha kawaida mtu huokoka ajalini au motoni. Uamsho ulioenea Afrika Mashariki kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 ulilitia neno hili uzito mpya. Leo mgeni akiulizwa, "Je, umeokoka?", huenda akajiuliza: kutoka wapi? Au chukua "zaka". Aliyelelewa katika nyumba ya Kiislamu anaijua kama nguzo ya dini, yenye kiwango na masharti yake; kanisani anaikuta ikimaanisha fungu la kumi. Nani atamweleza tofauti hiyo, ikiwa kila mtu anadhani neno ni lile lile?

Waliotutangulia walilifahamu jambo hili. Waongofu wa kwanza wa Buganda waliitwa "abasomi" na wale wa Ugikuyu wakaitwa "athomi", majina yote mawili yakiwa na maana ya wasomaji. Kuingia kanisani na kuingia darasani lilikuwa tendo moja. Mtu hakubatizwa kabla ya kufundishwa.

Wala hawakuishia kufundishwa. Mwaka wa 1875 Wamisionari wa Kianglikana walianzisha Freretown, karibu na kisiwa cha Mombasa, makao ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Walikuwa wa makabila na lugha mbalimbali. Kijiji kama hicho kilihitaji walimu na wahubiri waliotoka miongoni mwa waliokombolewa wenyewe. Mnamo 1885 Askofu James Hannington aliwapa ushemasi William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliokuwa wametekwa utotoni, wakakombolewa na kusomeshwa India. Waliokuwa bidhaa sokoni wakawa wachungaji. Hilo ndilo jembe ninalolisema.

Yamkini msomaji atanijibu kwamba imani ni kazi ya Roho, haingoji kamusi. Sawa, lakini Kanisa lenyewe halijaona kwamba mambo hayo mawili yanapingana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) uliagiza ukatekumeni wa watu wazima urejeshwe kwa hatua, na taratibu zake zikatolewa mwaka wa 1972. Mkatekumeni hufundishwa kwa muda, akiwa na mtu wa kumsindikiza, kisha kwa kawaida hubatizwa katika mkesha wa Pasaka. Hata hivyo, utaratibu mzuri hauna faida ikiwa msindikizaji ni jina tu katika daftari la parokia.

Nawageukia walimu na wanafunzi, kwa kuwa vyama vya Kikristo shuleni na vyuoni hupokea wageni kila mwaka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliye mbali na kwao hutafuta wenzake kabla ya kutafuta mafundisho. Akikuta watu wanaosalimiana kwa mafumbo na kuchekeana kwa misemo ya ndani, ataona haya kuuliza, na anayeona haya kuuliza hujifunza kuigiza. Atasema "amina" pale wenzake wanaposema, moyo wake ukiwa nje ya ua. Siku atakapoondoka tutasema kwamba hakuwa na mizizi, ilhali hatukumpa udongo.

Basi kila chama na kimteulie mgeni wake mwenyeji mmoja wa kumfafanulia maneno bila kumcheka. Na ifikapo siku ya tatu, apewe kazi: asome somo, apange viti, amtembelee mgonjwa. Tusimwite mgeni mtu ambaye tayari ana jembe mkononi.