Ijue Saa Yako ya Mkono: Mashine ya Ndani na Habari ya Maji



Tuseme kikundi chenu kimechanga pesa kumnunulia mhudumu wa afya wa kijiji saa ya mkono. Muuzaji sokoni anawaambia, "Hii hata mtoni mnaenda nayo, iko 30M!" Baada ya mwezi kioo kimejaa ukungu na mkono wa sekunde umesimama. Pesa za kikundi zimekwenda na maji.

Hiyo si hasara ya pesa tu. Mtoto akiwa na kikohozi, mhudumu huhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5 akipumua mara 40 au zaidi, huenda ana nimonia na anahitaji kutibiwa haraka. Bila saa nzuri mhudumu atakisia tu. Simu nayo huonyesha saa, lakini chaji ikiisha, basi.

Kwa hivyo tuifahamu saa kabla ya kuinunua.

MASHINE YA NDANI NI YA AINA GANI?

1. Saa ya kutia ufunguo. Ndani kuna springi iliyokunjwa. Ukizungusha kitufe cha pembeni, springi inakazwa, halafu inajifungua polepole na kuzungusha magurudumu yenye meno. Nyingi hutembea kama siku moja na nusu, kisha zinataka ufunguo tena.

2. Saa ya kujijaza. Hii pia ina springi, lakini ndani kuna kipande cha chuma kinachozunguka mkono unapotembea, nacho ndicho kinachokaza springi. Mfano ni Seiko 5, iliyotoka Japani mwaka 1963. Ukiiweka kabatini siku mbili tatu, itasimama. Haijaharibika: itikise kidogo, rekebisha majira, uivae.

3. Saa ya betri. Mara nyingi huandikwa QUARTZ. Betri hufanya kipande kidogo cha jiwe la kwatsi kitetemeke mara 32,768 kwa sekunde, na mashine huhesabu mitetemo hiyo. Saa ya kwanza ya mkono ya namna hii, Seiko Astron, iliuzwa Tokyo tarehe 25 Desemba 1969. Saa ya betri hupotea sekunde chache tu kwa mwezi. Ya springi inaweza kupotea sekunde nyingi kwa siku moja. Kwa kazi ya mhudumu, saa ya betri yenye mkono wa sekunde au tarakimu za sekunde ndiyo inayofaa.

Ukiona mkono wa sekunde unaruka hatua mbili au nne kwa mara moja, mara nyingi ni dalili kuwa betri inakwisha. Badilisha mapema, kwa sababu betri iliyokufa ikiachwa ndani inaweza kuvuja na kuila mashine.

30M MAANA YAKE NINI?

Si kwamba unaweza kuzama nayo mita 30! Ni kipimo cha nguvu ya maji kilichojaribiwa kiwandani, saa ikiwa mpya na imetulia. Saa yako inatoka jasho, inagongwa na jembe, na inazeeka. Kwa hivyo soma hivi:

- Hakuna maandishi: usiilowanishe.
- WATER RESISTANT au 30M: mvua kidogo na kunawa mikono.
- 50M: kuogelea kidogo.
- 100M: kuogelea vizuri.
- 200M yenye neno DIVER'S: kazi ya kuzama.

Kinachozuia maji ni mipira myembamba ya duara kwenye mfuniko wa nyuma, kioo na kitufe. Mpira huo huzeeka na kupasuka, kama ule wa bomba la maji. Jasho, sabuni na maji moto huuharibu upesi zaidi.

TUFANYE NINI?

- Usivute wala kubonyeza vitufe saa ikiwa majini.
- Ivue ukioga maji moto au ukifua.
- Fundi akibadilisha betri, mwombe aangalie mpira. Akifunga na mpira uliokatika, maji yataingia hata kama imeandikwa 100M.
- Ukiona ukungu ndani, mpelekee fundi siku hiyo hiyo kabla ya kutu kuanza. Usiianike karibu na moto.
- Jihadharini na saa za bandia. Maandishi kwenye kioo hayagharimu kitu kuandika. Nunueni kwa mtu mnayemjua, na mdai risiti.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, nani anahitaji saa ya kutegemewa, na kwa kazi gani?
2. Saa hiyo itakutana na maji wapi?
3. Nani atatunza risiti, na pesa za betri zitatoka wapi?