Kutu, Adui wa Mashine ya Boti

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka jana mashine ya mjomba wangu ilizimika nje ya mwamba. Njia za maji ya kuipoza zilikuwa zimezibwa na chumvi na kutu, ikachemka. Tulipiga makasia hadi jioni!

Kutu hutokea chuma kikikutana na maji na hewa. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, nayo huharakisha kazi hiyo.

Kuiondoa, sugua kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma king'ae, kisha paka rangi ya kuzuia kutu. Bolti iliyoganda usiilazimishe, itakatika. Itie mafuta mepesi, ilale usiku kucha.

Kuizuia, kila ukirudi iwashe mashine ndani ya pipa la maji yasiyo na chumvi, bila gia, kwa dakika 10. Maji ya kisima yaonje kwanza! Kile kipande cha zinki usikipake rangi, maana huliwa na chumvi badala ya mashine. Kikifika nusu, badilisha.

Wenzangu, pipa la maji ni rahisi kuliko mashine mpya.