Nani Atapeleleza Nairobi ya Kale?

Kuna aina moja ya riwaya za upelelezi ambayo imewavutia sana wasomaji wa Ulaya na Marekani. Mwandishi humchukua mtunzi mashuhuri aliyekufa zamani, akamrudisha katika zama zake, kisha akamkabidhi maiti na fumbo. Mwaka wa 1996 Stephanie Barron alianza kumtumia Jane Austen kwa kazi hiyo. Mwaka wa 2007 Gyles Brandreth akamfanya Oscar Wilde kuwa mpelelezi, naye Arthur Conan Doyle akiwa sahibu yake. Wapo wanaoudharau utanzu huu kuwa ni mzaha mtupu. Mimi siudharau. Mtunzi na mpelelezi hufanana kazi: kusikiliza jinsi mtu anavyosema, na kutambua pale anaposita.

Tukitaka kuuleta utanzu huu Nairobi, jina la kwanza litakalotajwa ni la Karen Blixen, aliyeishi nchini tangu 1914 hadi 1931 akilima kahawa karibu na vilima vya Ngong. Naye, kwa kweli, aliwahi kuvaa joho hilo. Katika kitabu chake Out of Africa cha mwaka 1937 anasimulia jinsi mtoto aliyefanya kazi jikoni alivyofyatua bunduki shambani, mwenzake mmoja akafa na mwingine akajeruhiwa vibaya. Wazee wakakaa kuamua fidia. Jogona Kanyagga, aliyemlea marehemu, alitakiwa athibitishe kwamba mtoto alikuwa wake. Blixen akayaandika maelezo yake, na Jogona akaitunza karatasi ile ndani ya kifuko cha ngozi alichokivaa shingoni.

Kisa hicho kina utamu wote wa upelelezi, lakini kina kasoro ambayo mtunzi wa riwaya asingepaswa kuificha. Mwandishi ndiye aliyekuwa mwenye shamba, na mashahidi waliishi juu ya ardhi hiyo kwa ridhaa yake. Mpelelezi wa namna hiyo haambiwi kila kitu.

Fumbo kubwa la upande ule wa magharibi mwa jiji lilikuja baadaye. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941, Lord Erroll alipatikana amekufa ndani ya gari lake karibu na Karen, risasi imempata kichwani. Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe alikuwa na uhusiano wa mapenzi na marehemu, alishtakiwa Nairobi, naye akaachiliwa huru tarehe 1 Julai mwaka huo huo. Hakuna mtu mwingine aliyehukumiwa. Na watunzi wetu mashuhuri walikuwa wapi? Blixen alikwisharudi Denmark. Elspeth Huxley, ambaye tayari alikuwa ametunga riwaya za mauaji kuhusu Afrika, alikuwa Uingereza. Hata Jomo Kenyatta, mwandishi wa Facing Mount Kenya, alikuwa huko huko. Wote wana ushahidi wa kutokuwapo!

Waliokuwapo ni wapishi, madereva na walinzi. Vitabu vya Kiingereza juu ya kesi hii, kikiwamo White Mischief cha James Fox cha mwaka 1982, vinawajali zaidi mabwana na mabibi. Hapa ndipo riwaya ya Kiswahili ingeweza kufanya jambo ambalo Kiingereza hakiliwezi kwa urahisi. Tubuni shahidi mmoja, mtumishi wa nyumbani, anayesema mahakamani: “Alirudi saa tisa.” Kiambishi a- hakituambii kama aliyerudi ni mwanamume au mwanamke. Saa tisa ya usiku, kwa mkalimani mzembe, yaweza kuandikwa saa tatu usiku. Maneno matatu tu, na tayari mtu asiye na hatia amewekwa mahali asipokuwapo, kwa saa ambayo sio. Mpelelezi asiyejua Kiswahili atapita juu ya kosa hilo bila kulihisi.

Wala hatuanzi na mikono mitupu. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapwa na East African Literature Bureau mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, ilitupa Bwana Msa. Hebu msomaji aziangalie herufi za kwanza za majina matatu ya mtunzi huyo. Mwandishi alijigeuza mpelelezi mbele ya macho yetu, na walimu wengi hulipita jambo hilo darasani pasipo kulitaja.

Kwa kesi ya 1941 mimi ningemchagua Shaaban Robert. Wakati huo alikuwa karani wa forodha Tanganyika, kazi aliyoianza mwaka 1926. Kazi ya forodha ni kulinganisha kilichoandikwa katika karatasi na kilichomo ndani ya kasha. Mahakama ya Nairobi ilihitaji mtu wa aina hiyo. Likizo moja ya kubuni na safari ya gari moshi kutoka Mombasa vyatosha kumfikisha. Mwanafunzi atakayelijaribu jambo hili na aanzie Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, kisha apande matatu ya kwenda Karen akiwa na daftari, apime mwenyewe umbali wa zile njia.