Akiba ya vikundi dhidi ya umaskini

Akiba ya vikundi ni utaratibu ambao watu wachache wanaofahamiana, mara nyingi majirani, hukutana kila wiki au kila mwezi, huweka fedha kidogo kidogo mahali pamoja, na kukopeshana kutoka katika fedha hizo. Nchini Tanzania vikundi hivyo hujulikana kwa majina ya vikoba (kutokana na kifupisho VICOBA), vikundi vya hisa, au vikundi vya kuweka na kukopa. Ni mojawapo ya hatua ndogo za kupambana na umaskini ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzichukua bila kusubiri mradi, mfadhili wala benki.

Makala hii inaeleza jinsi vikundi hivyo vinavyofanya kazi katika mazingira ya vijijini kama yale ya Dutumi, wilayani Kibaha mkoani Pwani, na pia mipaka ya kile vinachoweza kufanya.

Umaskini na majira ya fedha

Umaskini hupimwa kwa namna mbalimbali. Tangu Juni 2025 Benki ya Dunia humhesabu kuwa fukara mtu anayeishi kwa chini ya dola 3 za Marekani kwa siku, baada ya kurekebisha tofauti za bei kati ya nchi na nchi. Tanzania Bara ina kipimo chake. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na ukakuta asilimia 26.4 ya wananchi wako chini yake. Vijijini ilikuwa asilimia 31.3, mijini 15.8.

Takwimu za namna hiyo huonyesha wastani tu. Kaya ya mkulima haipati wastani: inapata fedha nyingi kwa mkupuo, kisha karibu hakuna kwa miezi. Katika Mkoa wa Pwani zao kubwa la biashara ni korosho, ambazo huvunwa na kuuzwa hasa kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka kupitia vyama vya msingi na stakabadhi ghalani. Malipo hayaji siku ile mkulima anapopeleka magunia, bali baada ya mnada. Januari shule zinafunguliwa. Ada ya shule za serikali iliondolewa kuanzia mwaka 2016 hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi. Halafu unakuja msimu wa kulima, ambapo chakula cha ndani kinapungua na nguvu zinahitajika shambani.

Kwa hiyo swali kubwa la kaya nyingi si tu "tunapata kiasi gani?" bali pia "fedha ya Novemba itafikaje Machi?" Asiye na njia ya kuifikisha huuza kuku au mbuzi kwa bei ya hasara, huuza mazao yangali shambani, huchoma mkaa wa kupeleka Dar es Salaam, au hukopa kwa wale wanaoitwa "kausha damu". Hapo ndipo akiba ndogo inapopata maana yake.

Kibubu, upatu na kikoba

Namna ya zamani zaidi ni kudunduliza nyumbani, katika kibubu au chini ya godoro. Haihitaji mtu mwingine, lakini fedha iliyo karibu huombwa haraka na ndugu, na hutumika haraka na mwenyewe. Hata hivyo kibubu kisidharauliwe. Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya jaribio magharibi mwa Kenya, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2013. Watu walipewa kisanduku cha chuma chenye kufuli pamoja na ufunguo wake, wakatakiwa kukitumia kwa akiba ya afya. Matumizi yao kwa ajili ya kinga, kama vile chandarua, yaliongezeka kwa zaidi ya nusu. Fedha iliyokwisha kupewa jina la kazi fulani ni vigumu kidogo kuitumia kwa kazi nyingine.

Upatu (wengine husema "mchezo") ni hatua inayofuata. Watu kumi wakitoa shilingi 10,000 kila wiki, kila wiki mmoja wao anapokea 100,000, hadi wote wamepata. Hauna riba, hauhitaji sanduku wala daftari kubwa, na kwa sababu hiyo unapendwa na wengi, wakiwemo Waislamu wasiotaka kugusa riba. Kasoro yake ni kwamba zamu haisubiri ugonjwa: mtoto anaweza kulazwa wiki ya pili wakati zamu ya mama yake ni ya tisa.

Kikoba kinajaribu kuziba pengo hilo. Asili ya mtindo huu ni nchi ya Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kuwasaidia wanawake wa vijijini, eneo la Maradi, kuboresha upatu wao wa kienyeji ili fedha iliyowekwa iweze pia kukopeshwa. Kutoka huko ulienea katika nchi nyingi za Afrika. Zanzibar na Tanzania Bara uliingia kwa nguvu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Jinsi kikundi kinavyofanya kazi

Kwa kawaida wanachama ni kati ya 15 na 30. Huchagua mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wahesabu fedha, kisha hutunga katiba yao. Fedha hutunzwa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti, ambao si mtunza sanduku. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, na kila shilingi huhesabiwa mbele ya wote. Ulinzi huu wa macho ya watu wengi ndio unaowawezesha hata wasiojua kusoma kufuatilia mahesabu.

Katika kila mkutano mwanachama hununua hisa, kwa kawaida kuanzia moja hadi tano. Tuchukue mfano wa kubuni wa kikundi cha watu 20 ambacho hisa yake ni shilingi 2,000. Wakinunua kwa wastani hisa tatu kila mmoja kwa wiki, zinaingia shilingi 120,000. Baada ya wiki 50 wana hisa 3,000, yaani shilingi 6,000,000. Fedha hiyo hailali. Anayehitaji hukopa, mara nyingi hadi mara tatu ya akiba yake, na hurejesha ndani ya miezi michache pamoja na ziada. Tuseme riba na faini za mwaka zimefika 900,000. Siku ya kuvunja sanduku kila hisa itakuwa na thamani ya shilingi 2,300, na mwanachama aliyeweka 300,000 ataondoka na 345,000.

Faida ya 45,000 si kubwa. Jambo la maana zaidi ni hiyo 300,000 yenyewe, ambayo pengine isingekuwepo, na kwamba riba aliyolipa mkopaji imebaki kijijini badala ya kwenda kwa mkopeshaji wa mjini. Vikundi vyenye busara huamua kuvunja sanduku wakati fedha inahitajika, k.mf. kabla ya shule kufunguliwa au kabla ya kulima, na si wakati wa korosho ambapo kila mtu anazo.

Kando ya hisa upo mfuko wa jamii. Kila mmoja huuchangia kiasi kidogo kilicho sawa, na fedha zake hutolewa kwa msiba, ugonjwa au ajali, kadiri katiba inavyosema.

Sheria na serikali

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi hivi katika daraja la nne la watoa huduma ndogo za fedha, na usajili wao hufanyika katika halmashauri. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kufungua akaunti ya benki kwa urahisi zaidi. Wengine siku hizi huweka fedha kwa simu, jambo linalopunguza hatari ya sanduku kuibwa, ingawa linaondoa pia ile hesabu ya hadharani.

Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kutokana na matatizo ya usimamizi na marejesho, ikarudishwa mwaka 2024. Vilevile walengwa wa TASAF huhimizwa kuunda vikundi vya akiba.

Kibaha ina historia ndefu ya vita hii. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki kwa ajili ya kupambana na ujinga, maradhi na umaskini, likiwa na shule, huduma za afya na mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 lilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania. Mradi mkubwa wa namna ile na sanduku la kufuli tatu havishindani: sanduku halijengi hospitali, na hospitali haimpi mtu nauli ya kuifikia.

Mipaka

Utafiti uliofanyika Ghana, Malawi na Uganda na kuchapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba vikundi viliongeza akiba na mikopo, vilisaidia biashara ndogo na kuwapa wanawake sauti zaidi nyumbani. Lakini haukuona ongezeko la wastani katika matumizi ya kaya. Anayesema kikoba peke yake kinamaliza umaskini anatia chumvi.

Walio maskini kabisa mara nyingi hubaki nje, kwa sababu wanaona aibu kukosa hata hisa moja ya wiki. Baadhi ya vikundi hushusha bei ya hisa ili kuwaingiza. Tatizo jingine ni mtu kujiunga na vikundi vitatu au vinne na kukopa hapa ili alipe pale, hadi vyombo vya ndani vinachukuliwa. Na mvua ikikosekana, wanachama wote wa kijiji kimoja hukwama pamoja, wakati ambapo kila mmoja anataka kukopa na hakuna wa kurejesha. Ndiyo maana kaya nyingi za Pwani hutegemea pia ndugu aliyeko Dar es Salaam, ambaye mvua ya kijijini haimgusi moja kwa moja. Anayetuma 20,000 kwa simu pamoja na ya kutolea, kabla ya mgonjwa kupelekwa zahanati, anaweza kuwaokolea mbuzi.