“Una mtoto mwingine?” Swali linalowanyima wazazi usingizi kabla ya ukaazi Canada

Dar es Salaam. Simu ya binti yake ilimkuta mama huyu wa Temeke akiwasha jiko la mkaa kwa ajili ya vitumbua anavyouza kila asubuhi. Ilikuwa saa 11 alfajiri. Toronto, Canada, aliko binti yake, ilikuwa bado saa tatu usiku wa siku iliyotangulia.

“Mama, wameniita. Mahojiano ya ukaazi ni baada ya wiki tatu,” alisema binti.

Mama akamshukuru Mungu kwa sauti. Lakini upande wa pili hakusikia furaha aliyoitegemea. Binti alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini: “Wakiniuliza kama nina mtoto mwingine, niseme nini?”

Mtoto mwingine alikuwa amelala chumba cha pili, akisubiri kuamshwa aende shule. Ana miaka tisa, yuko darasa la tatu, na analelewa na bibi yake tangu akiwa na miaka mitatu. Kwenye fomu za kuomba ukaazi mama yake alimwandika mtoto mmoja tu, yule wa kiume aliyezaliwa Canada. Jina la msichana wa Temeke halikuwapo.

Haikuwa bahati mbaya. Binti (jina linahifadhiwa) alipokutana na mumewe huko ughaibuni, alimtambulisha msichana huyo kama mdogo wake wa mwisho. Alidhani ni jambo dogo ambalo angelirekebisha baadaye. Miaka ikapita, ndoa ikafungwa, mume akawa mdhamini wake, na uongo ule ukaingia kwenye faili la serikali.

Mahojiano mafupi, saini nzito

Mahojiano haya ni hatua ya mwisho ya safari ya kuomba ukaazi wa kudumu. Hadi kufika hapo, maombi yameshapitiwa, majibu ya vipimo vya afya yameshapokewa na taarifa za polisi zimeshachunguzwa.

Anayeingia Canada kutoka nje kwa mara ya kwanza kama mkaazi huulizwa maswali na ofisa wa mpakani, mara nyingi uwanja wa ndege. Aliyeko ndani ya nchi siku hizi anaweza kumaliza hatua hii kwa njia ya mtandao, au kuitwa ofisini iwapo ofisa anataka kumwona ana kwa ana.

Ofisa hukagua pasipoti na hati ya uthibitisho wa ukaazi, huhakikisha majina na tarehe za kuzaliwa, kisha huuliza. Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai? Umewahi kukataliwa kuingia Canada au kuamriwa kuondoka? Hali yako ya ndoa imebadilika tangu ulipoomba? Una mtoto au mtegemezi ambaye hukumtaja?

Mengi ni maswali ya ndiyo au hapana. Wengi huyajibu kwa dakika chache, huweka saini na kutoka wakiwa wakaazi. Lakini saini hiyo inathibitisha kila jibu lililotolewa, na jibu la swali la watoto ndilo linaloweza kuwafuata wazazi kwa miaka mingi.

Kwa nini jina la mtoto lina uzito

Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto asiyesafiri hana haja ya kuandikwa. Wengine hufikiri kumtaja kutachelewesha maombi, hivyo hupanga kutulia kwanza Canada, kisha kumfuata.

Kanuni za uhamiaji za Canada hazikubaliani na mpango huo. Kifungu cha 117(9)(d) kinaeleza kwamba mwanafamilia ambaye hakukaguliwa wakati mdhamini wake anapata ukaazi hatahesabika kuwa mwanafamilia anayeweza kudhaminiwa baadaye. Kukaguliwa huku ni pamoja na vipimo vya afya, hata kama mtoto anabaki nyumbani.

Kwa lugha nyepesi, mama aliyemficha mwanawe ili awahi kupata ukaazi anaweza kuupata ukaazi huo na kujikuta amejifungia njia ya kumchukua mtoto.

Mwaka 2019 Canada ilianzisha mpango wa majaribio wa kuwalegezea sharti hilo baadhi ya watu, wakiwamo wakimbizi na waliodhaminiwa na wenza wao, na baadaye ikauongezea muda. Hata hivyo, ni mpango wa majaribio na una masharti yake. Si jambo la kutegemea wakati mzazi bado ana nafasi ya kusema ukweli.

Upo pia upande wa adhabu. Kuficha au kupotosha taarifa muhimu kunaweza kumzuia mwombaji kwa miaka mitano. Hata aliyekwisha kupata ukaazi anaweza kuupoteza ikigundulika kwamba aliupata kwa taarifa za uongo.

Mtoto anayetakiwa kutajwa ni wa mwombaji au wa mwenza wake, kwa kawaida mwenye umri chini ya miaka 22 na asiye na mume, mke wala mwenza. Haijalishi anaishi na nani. Mtoto wa nje ya ndoa anahusika. Anayelelewa na mzazi mwenzio mliyeachana anahusika. Na mtoto aliyezaliwa wakati maombi yanasubiriwa lazima aongezwe kabla ya hatua ya mwisho.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Mtoto wa ndugu mnayemlea kwa mapenzi, lakini hamkumwasili kisheria, hawezi kuandikwa kama wa kumzaa. Ofisa akiwa na shaka anaweza kutaka kipimo cha vinasaba.

“Mwambie mumeo kwanza”

Alfajiri ile, bibi hakuwa anajua kifungu chochote cha sheria. Alichojua ni kwamba mjukuu wake alikuwa ameanza kuuliza kwa nini dada yake wa Canada hupiga simu kila Jumapili akilia.

“Mwanangu, kabla hujamwambia mzungu wa ofisini, mwambie mumeo,” alimjibu. “Huyu mtoto hajakosa kitu.”

Binti alichukua siku nne. Mumewe alipoambiwa hakupiga kelele. Alikaa siku mbili bila kuzungumza naye zaidi ya salamu, kisha akampigia mama mkwe wake mwenyewe.

“Shikamoo mama. Nimeambiwa,” alisema. “Nilichoumia si mtoto. Nimeumia kwamba nilikuwa namtumia zawadi za shemeji, kumbe ni mwanangu.”

Wiki hiyohiyo waliandika barua ya maelezo kwa idara ya uhamiaji kupitia mshauri aliyesajiliwa. Walieleza kosa, wakamtaja mtoto na kuambatanisha picha, risiti za ada za shule na kumbukumbu za fedha alizotumiwa bibi kwa miaka sita. Mahojiano yakaahirishwa. Kwa familia iliyokuwa imeshahesabu siku, hilo lilikuwa pigo, lakini faili halikufungwa.

Safari ya vipimo Dar

Kazi ikahamia Temeke. Mtoto alitakiwa kupimwa afya, na kipimo hicho hakifanywi na daktari yeyote. Canada ina orodha ya madaktari iliowaidhinisha katika nchi mbalimbali, na majibu hutumwa moja kwa moja kwa maofisa wa uhamiaji.

Vipimo hutegemea umri. Kila mtu huchunguzwa mwili na kuulizwa historia ya magonjwa. Wenye miaka mitano na zaidi hupimwa mkojo. Picha ya kifua hupigwa kwa wenye miaka 11 na kuendelea, hasa kutafuta dalili za kifua kikuu. Kuanzia miaka 15 huongezwa vipimo vya damu, vikiwamo vya kaswende, virusi vya Ukimwi na utendaji wa figo.

Kwa hiyo msichana wa miaka tisa hakuhitaji picha ya kifua wala kuchomwa sindano, jambo ambalo bibi angelijua mapema asingemnunulia pipi za kumbembeleza njia nzima.

Ni vizuri wazazi wajue mambo manne.

Kwanza, majibu ya vipimo hudumu miezi 12, na mara nyingi muda wa hati ya ukaazi hufungwa na tarehe hiyo au ya mwisho wa pasipoti. Kupima mapema mno kunaweza kulazimisha kurudia.

Pili, kuwa na ugonjwa si kukataliwa. Mwenza na watoto wanaodhaminiwa hawazuiwi kwa sababu ya gharama za matibabu yao, na kundi hili linajumuisha wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Anayetumia dawa azitaje na kubeba taarifa za daktari wake.

Tatu, ikionekana dalili ya kifua kikuu, mhusika hupimwa makohozi. Majibu ya kuotesha vimelea yanaweza kuchukua hadi wiki nane, na akikutwa anaumwa atatibiwa kwanza kisha maombi yaendelee.

Nne, mjamzito amweleze daktari kabla ya picha ya kifua. Anaweza kuruhusiwa kusubiri hadi ajifungue.

Karatasi zinazokwamisha

Cheti cha kuzaliwa ndicho kilichoisumbua familia hii. Mtoto alikuwa na tangazo la hospitali tu, hivyo bibi alianza na ofisi za RITA. Mzazi anayejua kwamba siku moja mtoto atasafiri asingoje barua ya mwisho ndipo atafute cheti.

Kikwazo kingine kilikuwa baba mzazi wa mtoto, anayeishi Morogoro. Mtoto mdogo anapohamia Canada na mzazi mmoja, yule anayebaki hutakiwa kusaini tamko la kuridhia. Hawakuwa wamewasiliana kwa miaka mingi, na ilibidi wajomba wawili wapande basi kwenda kuzungumza naye. Aliridhia, kwa sharti la kuongea na mwanawe kwa simu kila mwezi. Pale mzazi asipopatikana au akikataa, suala la malezi huamuliwa na mahakama kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Wenye miaka 14 hadi 79 hutoa pia alama za vidole na picha, na kuanzia miaka 18 huhitajika taarifa ya polisi. Kadi ya kliniki nayo isitupwe. Haihitajiki katika mahojiano, lakini jimbo la Ontario, kwa mfano, hudai ushahidi wa chanjo kama za surua, polio na pepopunda kwa watoto wa shule.

Siku ya mahojiano, soma tena nakala ya fomu ulizojaza. Kilichobadilika tangu uombe, iwe ndoa, talaka, kifo au uzazi, kitoe taarifa kabla ya siku hiyo na ukiseme tena ukiulizwa. Anayeingia kutoka nje na fedha zinazofikia dola 10,000 za Canada au zaidi huzitamka mpakani. Kuwa nazo si kosa, kosa ni kutozitaja.

Mtoto naye anasubiri

Katika pilika hizi, mtu aliyeelezwa mwisho alikuwa mwenye jina lililosababisha yote. Watu wazima walijadili mbele yake wakidhani haelewi. Mwalimu wake aliona ameanza kusinzia darasani, na bibi akagundua kwamba usiku halali.

Ndipo mama yake alipompigia, peke yao wawili, akamwambia kwamba yeye si dada, ni mama. Mtoto hakushangaa kama walivyohofia. Alijibu kwamba alikuwa anajua, maana aliwahi kusikia shangazi wakiongea jikoni.

Mtoto anayesubiri anahitaji kuambiwa ukweli unaolingana na umri wake, na kuambiwa na mzazi kabla ya kuusikia kwa ofisa au jirani. Asiahidiwe tarehe. Kauli kama “Krismasi utakuwa kwa mama” ikipita bila kutimia, ndiyo humfundisha kutoamini simu inayofuata. Aendelee na shule, marafiki na kazi zake za nyumbani kama mtu anayeishi hapa, kwa sababu kwa sasa anaishi hapa.

Miezi minane baada ya ile simu ya alfajiri, binti aliitwa tena. Ofisa aliuliza swali lilelile. Alijibu kwamba ana watoto wawili, akataja majina na tarehe zao za kuzaliwa. Ofisa alitazama faili, akaona yanalingana, akampa kalamu.

Faili la msichana linaendelea. Pasipoti yake iko kwenye sanduku la bibi, chini ya kanga. Juzi alimuuliza bibi yake kama na yeye wameliandika jina lake. Bibi akamweleza kwamba wazazi wana mpango wao tofauti, wa foleni na bahati, na kwamba yeye vitumbua vyake vina wateja hapa hapa.

Mtoto akafikiri kidogo, akasema basi na yeye ataanza kupiga simu kila Jumapili.